Anzia Masjala

Kazini walimwita Bi Jengo, na jina likamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Hata wapangaji ambao hawakuwahi kumtia machoni walijua kwamba lifti ikigoma, au maji yakikatika ghorofa ya nne, unampigia Bi Jengo. Mara nyingi, kabla hujamaliza kulalamika, anakukatiza: "Nimeshaona. Fundi yuko njiani."

Na alikuwa ameona kweli. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo kando ya geti, kimeegemezwa kwenye kibanda cha walinzi, na mezani palikuwa na skrini pana zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Ndani ya skrini hizo lilisimama jengo lilelile lililosimama nje ya dirisha lake: ghorofa tano, mabawa mawili, ngazi, mabomba, nyaya, milango, hadi vyumba vya chini ya ardhi. Lilichorwa kwa kompyuta, lakini halikuwa picha iliyokufa. Kila chumba cha jengo la kweli kilikuwa na vihisi, vidude vyeupe vyenye ukubwa wa kipande cha sabuni, vimebandikwa juu ukutani, kila kimoja na betri yake. Kimoja kilipima joto, kingine maji yapitayo bombani, kingine ile hewa ambayo mtu huitoa akipumua, ili watu wakijaa chumbani feni ziongezwe kasi. Mlango ukifunguliwa kule, kwenye skrini nao unafunguka. Mashine ikitetemeka kule, huku inageuka rangi. Ndiyo maana wote, kuanzia meneja hadi wafagizi, waliliita jengo la skrini "pacha".

Aliyemtania zaidi kuhusu pacha huyo alikuwa mdogo wake. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, ingawa tumbo lenyewe lilizaa wawili tu. Kitinda alikuwa fundi wa pampu na mabomba katika jengo hilohilo. Dada ndiye aliyemwombea kazi, kama alivyomlipia shule baba yao alipofariki na Kitinda bado anavaa kaptula.

"Mama alizaa wawili," Kitinda alizoea kusema, ameegemea mlango wa ofisi na kikombe cha chai mkononi. "Wewe ukamwongezea wa tatu. Hali, halali, na bado ndiye unayemsikiliza kuliko mimi."

"Yeye hanidanganyi kwamba amefunga koki."

"Mara moja, Dada! Mara moja tu, na mafuriko yenyewe yalikuwa ya ndoo mbili."

Bi Jengo hakuwa na mume wala mtoto. Kila Jumapili alikwenda kula kwa Kitinda, ambako mama yao pia aliishi, pamoja na mke wa Kitinda na watoto wao wawili. Wifi yake alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, na nguo zote za kazini za Bi Jengo alizishona yeye bila kukubali malipo. Wawili hao hawakuwa na ile vita ya wifi na wifi ambayo watu huizoea. Walikaa jikoni wakamsengenya Kitinda hadi mwenyewe anapiga kelele kutoka sebuleni kwamba anasikia.

Kwenye kiwanja cha jirani palichimbwa shimo. Mwenye kiwanja alitaka kuweka maegesho ya magari chini ya ardhi, akachimba na kuchimba, na udongo ukawa unatolewa kwa malori kutwa. Katika kikao Bi Jengo aliuliza kama kuna anayelipima lile shimo. Meneja akajibu kwamba shimo ni la jirani na wao wana jengo lao. Pacha alijua kila kitu kilichokuwa ndani ya kuta zake. Cha nje ya kuta hakuna aliyemfundisha.

Kisha ikanyesha mvua ya mfululizo, ile isiyo na radi wala haraka, inayoingia ardhini kama mgeni aliyekuja kukaa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi mapema, wapangaji wengi hawajafika. Kwenye skrini, pampu ya pili ya chumba cha chini, bawa la kulia, ikageuka ya njano. Bi Jengo akamwita mdogo wake aliyekuwa kibandani akipiga soga na mlinzi.

"Pampu ya pili inatetemeka. Shuka ukaiangalie kabla haijatuaibisha."

"Nimalize chai kwanza."

"Chai utaikuta."

Kitinda akaweka kikombe kwenye dirisha la kibanda, akasema kwamba huyo pacha anamwonea wivu tangu azaliwe, akachukua begi lake la spana akaenda. Baada ya muda Bi Jengo akaona kwenye skrini mlango wa chumba cha pampu ukifunguka kwa kadi yake, kisha ukifungwa. Upande wa pili wa korido hiyohiyo ya chini palikuwa na masjala, na mlango wake ulishafunguliwa mapema zaidi. Karani mkuu na wasaidizi wake walikuwa wamewahi kazini ili kuhamisha mafaili yaliyoanza kupata unyevu.

Sauti ilianza kama ya lori linalomwaga kokoto. Bi Jengo hata hakuinua kichwa, maana malori ya jirani alikwishayazoea. Lakini kokoto hazikuisha. Meza ikasogea, kioo cha dirisha kikapasuka, na mlinzi akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake. Alipotazama nje hakuona kitu ila vumbi. Akaitazama skrini. Pale, bawa la kulia lilikuwa bado limesimama, safi, kwa mistari yake myeupe iliyonyooka.

Ukuta wa shimo la jirani ulikuwa umeporomoka, na bawa la kulia likaufuata. Sakafu ya juu ililalia ya chini yake, nayo ikalalia nyingine, kama vitabu vilivyoangushwa kutoka rafuni. Bawa la kushoto lilibaki. Waliokuwamo humo, wafagizi na wapangaji wachache, walitoka mbio, wengine bila viatu, na meneja akafika na gari lake akabaki amekaa ndani yake, mikono kwenye usukani.

Waokoaji hawakuchelewa. Kamanda wao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Aliuliza swali moja tu: nani analijua jengo hili? Vidole vyote vikaelekea ofisi ya kando ya geti.

Bi Jengo alikuwa ameshafungua ukurasa wa vyumba vya chini. Vihisi vya bawa la kulia karibu vyote vilikuwa vimekufa, vimegeuka kijivu kimoja baada ya kingine kama taa za mtaa zinazozimwa. Lakini vichache, chini kabisa, vilikuwa bado vinaleta vipimo: viwili vya hewa, na vile vya maji na mtetemo vya chumba cha pampu. Sanduku lililovipokea lilikuwa kwenye ngazi za bawa la kushoto, nalo lilikuwa zima.

"Chini kuna watu?" Kamanda akauliza.

"Wapo. Vyumba viwili."

"Unajuaje?"

"Hewa. Chumba kisicho na mtu hewa yake inakaa palepale. Hivi viwili inazidi kuchafuka. Huku masjala inachafuka haraka, watu ni watatu au wanne. Huku kwenye pampu inakwenda polepole." Akaweka kidole juu ya kile chumba. "Mmoja."

Kamanda akainama karibu na skrini. Alinukia jasho na vumbi la saruji.

"Sikiliza, mama. Nina mashine moja ya kukata zege. Nyingine inaletwa kutoka mbali na sijui itafika saa ngapi. Hata ningekuwa nazo mbili, siwezi kukata pande zote kwa pamoja. Nikitikisa huku, kule kunaweza kukaa chini. Natoboa tundu moja, nikimaliza ndipo niende la pili. Nianzie wapi?"

Kabla hajajibu, Bi Jengo aliona kitu pembeni ya skrini. Pampu ya pili, ambayo umeme wake ulikwishakatika, ilikuwa inatetemeka. Ilitetemeka, ikatulia. Ikatetemeka tena mara tatu, ikatulia. Alielewa papo hapo. Mtu alikuwa anaigonga kwa spana. Na mtu huyo hakuwa akigonga ili asikike juu, kwa kuwa zege lile lingemeza hata mlio wa mzinga. Alikuwa anagonga kwa sababu alijua dada yake yuko mbele ya skrini na ataona.

"Mama, nianzie wapi?"

"Chumba cha pampu kinaingia maji," Bi Jengo akasema. "Bomba la tangi la juu limepasuka. Koki kuu nimeifunga kutoka hapa, imetii. Ya tangi haisikii, waya umekatika. Maji yanapanda, lakini polepole."

"Na masjala?"

"Masjala ni padogo na wako wengi. Hewa itawaishia."

"Kipi kitatangulia?"

Hapo ndipo penyewe. Alipiga hesabu, na hesabu zilikaribiana mno. Ungeweza kusema masjala, ungeweza kusema pampu, na hakuna mtu duniani ambaye angekushika kwa uongo. Kamanda hakujua kusoma skrini ile. Meneja alikuwa garini. Aliyejua kitu alikuwa mlinzi peke yake. Alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake, kwenye dirisha la kibanda, kilikuwepo kikombe cha chai cha Kitinda. Mlinzi alifungua mdomo. Bi Jengo akamtazama, na mlinzi, mtu mzima aliyemzidi umri, akaufunga.

"Masjala," Bi Jengo akasema. "Anzia masjala."

Kamanda akatoka mbio. Alimwachia redio ya mkononi, na kupitia redio hiyo Bi Jengo akawaongoza. Wasogee kushoto, hapo walipo chini yake kuna boriti. Bado kidogo. Hapo hapo. Waya wa umeme uko upande wa ukutani, wasiuguse. Sauti yake ilikuwa tulivu hata yeye mwenyewe akaiogopa. Mashine ikaanza kulia juu ya zege, na kila ilipolia skrini zilitikisika mezani.

Pampu ya pili iliendelea kugongwa. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

Hakuwa na namna ya kumjibu. Pacha alikuwa na macho na masikio, mdomo hakuwa nao. Alijaribu kuwasha taa ya dharura ya kile chumba, akatumaini kwamba ikiwaka Kitinda ataelewa. Kompyuta ikaandika kwamba amri imepelekwa. Kama ilifika, hakujua.

Wifi yake alifika kabla jua halijapanda sana. Alikuja kama alivyokuwa, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni, na mama mkwe wake akimfuata nyuma kwa mwendo wa magoti mabovu. Walinzi waliwazuia getini, lakini wifi alilizunguka lile banda akatokea kwenye dirisha lililopasuka.

"Wifi, yuko wapi?"

"Yuko chini."

"Mzima?"

"Mzima."

"Wanamchimbua?"

Bi Jengo akaangalia redio iliyokuwa mkononi mwake. "Wanachimba," akasema.

Wifi akashika mbao za dirisha kwa mikono miwili, akafumba macho akashukuru. Kisha akaenda kumwambia mama kwamba wanamchimbua.

Maji yalipanda, yakibana nafasi ya hewa iliyobaki juu. Kihisi cha maji kikazama na kugeuka kijivu. Kihisi cha hewa kilikuwa juu, karibu na dari, na hicho kiliendelea. Mapigo ya spana yakawa mawili badala ya matatu, kisha moja moja, kila moja likiwa mbali na mwenzake. Kisha hayakuja tena. Bi Jengo alijiambia amechoka, amepanda juu ya mabomba, pampu haifikii. Kitinda alikuwa mpandaji mzuri tangu utotoni. Alikitazama kile kipimo cha hewa kikipanda, akafurahi kwamba kinapanda, maana kupanda kwake ni mtu anayepumua.

Kikapanda. Kikapanda. Kikatulia.

Aliangalia betri ya kihisi. Ilikuwa nzima. Akaangalia kama sanduku linapokea, na lilikuwa linapokea. Akafunga ule ukurasa akaufungua upya, na kipimo kikarudi kilekile, kimelala kama mstari wa rula. Wakati huohuo nje ikazuka kelele ya watu, vigelegele na makofi. Masjala imetobolewa. Redio ikakwaruza: "Bi Jengo! Tumewaona! Wako hai, wako hai! Hili bomba jekundu la kulia kwetu, tulikate au tuliache?"

"La zimamoto hilo," akasema. "Halina kitu. Likateni."

Walitolewa watatu: karani mkuu wa masjala (mwanamke mnene wa makamo, aliyevunjika mkono), msichana wa mapokezi aliyekuwa akiwasaidia kubeba mafaili, na kijana mmoja tarishi. Tarishi alikata roho njiani kwenda hospitali. Wale wawili waliishi.

Kamanda alirudi ofisini, uso mweupe kwa vumbi. "Sasa pampu. Nionyeshe pa kukata."

"Nitakuonyesha," Bi Jengo akasema. "Lakini usiwahatarishe vijana wako. Haraka imekwisha."

Kamanda akaitazama skrini, akamtazama yeye. Akavua helmeti. "Ulikuwa unamfahamu?"

"Mdogo wangu. Tumezaliwa wawili."

Yule mtu akakaa kitini bila kukaribishwa. Kisha akauliza, karibu kwa hasira, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Kamanda akainuka. Akavaa helmeti yake akatoka.

Walimpata alasiri, juu ya mabomba, mkono mmoja umepitishwa nyuma ya bomba la dari ili asianguke. Spana ilikuwa mfukoni. Bi Jengo ndiye aliyemtambua, kisha akaenda mwenyewe kwa miguu hadi pale walipokaa mama na wifi. Mama alimwona anavyokuja akaanza kutikisa kichwa, anatikisa, anatikisa, kama anayekataa kununua kitu kibovu.

Msibani watu walikuwa wengi. Kitinda alipendwa, na mtu wa maji hujulikana kila nyumba. Siku ya kwanza Bi Jengo alikaa bega kwa bega na wifi yake, na wifi alimlalia begani. Siku ya pili alikuja mlinzi wa geti. Mlinzi hakuja kwa nia mbaya. Alikuja na uchungu wake, na uchungu ukimzidi mtu hutafuta pa kumwagikia. Alimwambia wifi jinsi dada mtu alivyokuwa jasiri, jinsi alivyojikaza akawataja wale wa masjala kwanza na hali anajua wa pampu ni damu yake. Alidhani anamsifu.

Habari haikutembea, iliruka. Ilipofika uani ilikuwa tayari imeota mbawa na pembe. Wapo waliosema yule ni mwanamke wa chuma. Wapo waliosema alimwonea mdogo wake wivu kwa kuwa na mke na watoto. Mzee mmoja, mjomba wa mbali, akasema chini chini lakini kwa kusikika kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio.

Wifi alimfuata jikoni, Bi Jengo alikokuwa akiosha sufuria. Akafunga mlango. Hakupaza sauti.

"Ni kweli ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

"Ukawaambia waende kwingine."

"Niliwaambia waende penye watu wengi zaidi. Hewa yao ilikuwa—"

"Sikuulizi hewa. Mimi nimekuja dirishani. Nimekuuliza wanamchimbua. Ukaniambia nini?"

Bi Jengo akaendelea kusugua sufuria.

"Uliniambia wanachimba. Nikaenda nikamwambia mama yako. Tumekaa pale na mama yako tunamshukuru Mungu, tunawaombea baraka wale vijana, na mashine inalia upande mwingine." Akamsogelea. "Yeye hakuwa mtu, wifi?"

"Alikuwa mtu."

"Alijua kwamba unamwona?"

Hapa angeweza kudanganya. Wengi wangedanganya, na pengine wangefanya vizuri. Lakini Bi Jengo alikwishamdanganya mara moja, pale dirishani, na hakuwa na nguvu ya mara ya pili.

"Alijua," akasema. "Alikuwa anaigonga pampu. Anagonga mara tatu, ananyamaza. Alijua nitaona."

Wifi alimtazama bila chozi. Kisha akachukua ile sufuria kutoka mikononi mwake, akaiosha yeye, akaifunika juu ya meza. "Nenda kwako," akasema. "Sikufukuzi. Nakuomba tu uende kwako."

Alipokuwa anatoka, mlangoni alikutana na karani mkuu wa masjala, mkono umefungwa kitambaa kikubwa shingoni, amesindikizwa na binti yake. Yule mama alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja. Alipomwona Bi Jengo alipiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya watu wote, akamshika miguu akalia, "Mwanangu, umenirudisha kwa watoto wangu, wewe ndiye umenirudisha." Bi Jengo alijaribu kumwinua, akashindwa, maana alikuwa mzito na mwenye mkono mmoja. Juu ya kichwa cha yule mama, Bi Jengo alimwona wifi yake amesimama kwenye mlango wa jikoni, anatazama.

Uchunguzi ulifanyika. Bi Jengo aliitwa, akaweka pacha ukutani kwa mwanga mbele ya mawakili, akaonyesha nini kilivunjika kwanza, na wapi. Wakili wa mwenye shimo alimuuliza kama ni kweli kwamba kompyuta yake haikuona hatari yoyote. Akasema ni kweli. Wakamuuliza, sasa kompyuta hiyo ina faida gani? Akasema inaonyesha kilichopo. Kesi ilivutwa huku na huku, mwisho mwenye shimo akalipa alicholipa, shimo likafukiwa, na bawa lililobaki likabomolewa. Zile kompyuta za ofisini zilipozimwa, fundi wa kompyuta alimuuliza kama anataka kubaki na nakala ya pacha. Akasema hapana. Usiku huo hakupata usingizi, si kwa kujuta, bali kwa sababu ndiyo mara ya kwanza hakukuwa na mahali popote ambapo mlango wa chumba kile ungeweza kufunguka tena.

Alipata kazi nyingine ya aina ileile, hospitalini. Watu walishangaa. Yeye hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na tumbo halina likizo. Hapo wanamwita kwa cheo chake tu.

Wifi alihama na watoto akarudi upande wa kwao. Kilichowashangaza ndugu ni kwamba mama mkwe naye alifunga mizigo yake akaenda naye. Mkwe na mkwewe wakaondoka pamoja, na binti wa kuzaa akaachwa. Kila mwisho wa mwezi Bi Jengo hupanda basi akawapelekea mchele, mafuta, sare za watoto. Wifi humpokea mlangoni. Humsalimia vizuri, humuuliza habari za kazi, hupokea mizigo kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, kisha huingia ndani, na kile kitambaa cha mlango hurudi mahali pake. Watoto hutoka kumwamkia, "Shikamoo shangazi," kisha huitwa.

Mama ndiye hutoka akakaa naye kwenye ngazi ya nje. Kwa mwaka mzima walizungumza habari za magoti, bei ya vitu, na nani kafa. Siku moja, bila kitangulizi, mama akasema, macho yake barabarani:

"Mimi ningemtaja yeye."

Bi Jengo naye akaitazama barabara.

"Wangekuwa kumi upande wa pili, ningemtaja yeye. Nisingeuliza hata wako wangapi." Akajikuna goti taratibu. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini wewe nawe ulimlea. Ulimbeba mgongoni. Sasa nauliza, nakuuliza kila siku moyoni mwangu, uliwezaje?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Nilikuwa nahesabu. Nilipomaliza kuhesabu, nilikuwa nimeshasema."

Mama akatikisa kichwa polepole, na safari hii haikuwa ya kukataa. Wala haikuwa ya kukubali. Alinyoosha mkono akaushika wa binti yake, akauacha ukae juu ya paja lake, mkono mkavu usio na uzito. Ndani, wifi aliita kwamba chakula tayari. Alimwita mama na watoto.

Mama akainuka kwa tabu, akijishika ukutani. "Basi lako litajaa," akasema. "Nenda mapema."

Bi Jengo akamsaidia kupanda ngazi hadi kwenye kitambaa cha mlango, akakishika pembeni ili mama apite, kisha akakiachia.